Ngano ya Roscoe Filburn

Julai 1940, kabla mbegu haijaingia ardhini, mkulima Roscoe Filburn wa karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, alipewa taarifa na serikali kwamba katika msimu uliokuwa ukija asizidishe ekari 11.1 za ngano. Filburn hakuwa mkulima mkubwa wa zao hilo. Riziki yake ilitoka kwa ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai. Ngano aliilima kidogo kila mwaka: sehemu akauza, sehemu akawapa mifugo, sehemu ikasagwa unga wa nyumbani, na iliyosalia ikawekwa iwe mbegu. Safari hiyo alipanda ekari 23. Julai 1941, kabla ya mavuno, akakumbushwa tena. Akavuna zote. Ekari za ziada zilitoa busheli 239, yaani magunia 65 hivi ya kilo mia mia. Serikali ikamtoza senti 49 kwa kila busheli, jumla dola 117.11. Filburn akagoma kulipa, akaenda mahakamani.

Hakuna aliyedai kwamba alifanya magendo, wala kwamba ngano ile aliivusha mpaka kuiuza Indiana au Kentucky. Sheria ya kilimo ya 1938 haikujali ngano inakwenda wapi. Ikishapurwa, iwe ya sokoni au ya bandani, ilihesabiwa katika kiwango cha mkulima. Mamlaka ya kuihesabu yalitokana na maneno machache ya Katiba ya Marekani, Ibara ya Kwanza, Sehemu ya Nane, yanayolipa Bunge uwezo wa kusimamia biashara na mataifa ya nje, biashara baina ya majimbo, na biashara na makabila ya wenyeji asilia. Filburn aliuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kuku wangu akila ngano yangu, shambani kwangu, biashara iko wapi, na hilo jimbo la pili liko wapi?

Tangu hapo swali hilo limekuwa silaha ya Walibertari, watu wanaoamini kwamba kila mtu ni mwenye nafsi yake na jasho lake, na kwamba serikali, hasa ile ya shirikisho iliyoko Washington, ifanye yale machache iliyokabidhiwa kwa maandishi na si zaidi. Katika jambo hili niko upande wao. Serikali inayoweza kuhesabu chakula cha kuku wa mtu haijui tena mlango wa nyumba yake unaanzia wapi. Lakini hoja yao ina ukoo mrefu. Ndani ya ukoo huo wamo walioipigania kwa ajili ya uhuru wa binadamu, na wamo walioipigania ili binadamu wengine waendelee kuuzwa na kununuliwa. Anayewataja wa kwanza akawaficha wa pili hasimulii historia, anafanya kampeni.

Katiba yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya biashara. Baada ya vita vya uhuru kumalizika mwaka 1783, majimbo kumi na matatu yaliunganishwa na mkataba dhaifu. Bunge lao la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na majimbo yenye bandari yaliwakamua majirani kwa ushuru. Huko Massachusetts, mwaka 1786, wakulima waliolemewa na madeni na kodi, wakiongozwa na Daniel Shays, askari wa zamani wa vita vile vile vya uhuru, walizifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yao yasinadiwe. Wenye mali wakaogopa. Kiangazi cha 1787 wajumbe wakakutana Philadelphia, wakatoka na mpango wa serikali yenye meno.

Waliopinga hawakuwa wajinga. George Mason wa Virginia alikaa kikaoni hadi mwisho, kisha Septemba 17, 1787, akakataa kutia saini, kwa sababu andiko lile halikuwa na orodha ya haki za raia. Katika magazeti ya New York akajitokeza mwandishi aliyejiita Brutus, ambaye wengi wanadhani alikuwa jaji Robert Yates. Brutus aliwaonya wasomaji kwamba maneno mapana ya Katiba yatavutwa na majaji wa shirikisho, ambao hawatakuwa na mtu wa kuwasahihisha, hadi majimbo yakose kazi ya kufanya. James Madison akajibu kwamba wasiwasi huo hauna msingi: mamlaka ya shirikisho ni machache na yametajwa moja moja, na yaliyobaki kwa majimbo ni mengi. Mwaka 1791, ili kuwatuliza wenye hofu, yakapitishwa marekebisho kumi. La mwisho linasema kwamba mamlaka ambayo shirikisho halikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Tazama jinsi walivyotajwa wamiliki wawili. Kwa miaka mia mbili na zaidi, ugomvi mzito umekuwa juu ya nani kati ya hao wawili anayelindwa.

Patrick Henry hakuacha shaka upande wake. Katika mkutano wa Richmond, Juni 1788, mzungumzaji huyu ambaye Wamarekani humkumbuka kwa kudai uhuru au kifo, alizitaja hatari za serikali mpya kwa moto aliozaliwa nao. Miongoni mwa hatari hizo ilikuwamo hii: siku moja, kwa kisingizio cha vita, Bunge la shirikisho lingeweza kuwaachia huru watumwa wa Virginia. Henry alikuwa na watumwa. Mason naye alikuwa nao, ingawa aliilaani biashara ya watumwa mbele ya wajumbe wenzake. Virginia ikaikubali Katiba kwa kura 89 dhidi ya 79. Lakini mbegu ile ilikwisha kuangukia udongoni. Hofu halali ya serikali kubwa ilifungwa katika kitita kimoja na hofu ya bwana kumpoteza mtumwa wake.

Mabwana hao, kwa kweli, hawakuichukia serikali kuu pale ilipowatumikia. Mwaka 1850 waliisukuma ipitishe sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotoroka, iliyowalazimisha hata raia wa majimbo huru kushiriki katika msako. Ndipo mambo yakageuka. Machi 1854, huko Wisconsin, mtu mmoja aliyetoroka utumwa Missouri, Joshua Glover, alikamatwa na kutupwa katika jela ya Milwaukee. Umati wa watu, mhariri Sherman Booth akiwa miongoni mwa waliouhamasisha, ulivunja mlango wa jela na kumtoa, naye akafika Kanada salama. Booth aliposhtakiwa, mahakama ya juu ya Wisconsin ilitamka kwamba sheria ile ya shirikisho ilikuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ikalinyamazisha jimbo. Kwa hiyo Wisconsin ilidai haki ya jimbo ili kumwokoa mtu, na South Carolina ilidai haki ile ile ili kumfunga mtu. Nguo moja ilivaliwa na watu wawili wasiofanana kwa lolote.

Mtu aliyeutambua utofauti huo mapema kuliko wengi alikuwa Lysander Spooner, mwanasheria wa Massachusetts, na laiti angejulikana zaidi hata nje ya nchi yake. Mwaka 1844 Spooner alianzisha kampuni ya barua ya kushindana na posta ya serikali. Kupeleka barua moja kutoka Boston hadi New York kulikuwa kukigharimu senti 18 na robo tatu. Yeye alitoza karibu theluthi ya hiyo. Serikali ikawakamata mawakala wake, ikamchosha kwa kesi, na mwaka uliofuata Bunge likakaza sheria kampuni ikafa. Bunge hilo hilo likalazimika kushusha bei ya kutuma barua kwa posta ya umma. Katika mwaka huo wa 1845 Spooner alichapisha kitabu cha kuthibitisha kwamba utumwa haukuwa halali chini ya Katiba. Na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yeye aliyeupinga utumwa kwa maisha yake yote aliandika kwamba hakuna serikali inayoweza kumfunga mtu kwa mkataba ambao hakuutia saini. Unaweza kumkatalia mengi, nami namkatalia hilo la mwisho, lakini hakuna anayeweza kusema alitaka serikali ndogo ili awe na nafasi ya kumwonea jirani. Mipaka aliyoipigania ilimlinda mtu kwanza.

Wengi waliomfuata hawakuwa na usafi huo. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kusafisha sukari ni uzalishaji na si biashara, na hivyo shirikisho halikuweza kuizuia kampuni moja iliyokwisha kukamata karibu viwanda vyote vya sukari nchini. Mwaka 1918 ikaja kesi inayoniuma hadi leo. Sheria ya 1916 ilizuia kusafirishwa, kutoka jimbo hadi jimbo, kwa bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14. Roland Dagenhart, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba North Carolina, alifungua kesi kwa jina la wanawe wawili ili waendelee kufanya kazi, huku wenye viwanda wakiwa ndio wanaoisukuma. Majaji watano dhidi ya wanne wakakubali: utoto na kazi ni mambo ya ndani ya jimbo. Miaka michache baadaye mwandishi wa habari alimtafuta mmoja wa wana hao, Reuben. Alikuwa kijana mwembamba kuliko umri wake, na alisema wazi kwamba ushindi ule haukumfaa kitu. Shule ilikuwa imempita. Uhuru uliotetewa kwa jina lake ulikuwa wa watu wengine.

Kisha uchumi ukaanguka. Bei ya busheli ya ngano, iliyokuwa zaidi ya dola moja mwaka 1929, mwaka 1932 ilikuwa chini ya senti 40, na wakulima wakachoma mahindi jikoni kwa sababu makaa yalikuwa ghali zaidi. Franklin Roosevelt alikuja na mipango ya kuwalipa wakulima wapunguze mazao. Mahakama ikaipiga chini sheria baada ya sheria: Mei 1935 mpango wa kusimamia viwanda, kupitia kesi ya wauza kuku wa Brooklyn, na Januari 1936 sheria ya kwanza ya kilimo. Februari 1937 Roosevelt akapendekeza kuongeza majaji hadi wafike kumi na watano. Seneti ilikataa, lakini kabla haijakataa Mahakama ilikwisha kugeuka. Aprili mwaka huo, kwa kura tano dhidi ya nne, ikakubali kwamba Bunge linaweza kusimamia mahusiano ya kazi katika viwanda vya chuma. Februari 1941 ikaifuta hukumu ya watoto wa pamba, na kuyaelezea Marekebisho ya Kumi kama maneno yanayorudia tu jambo lililo dhahiri. Barabara iliyowatoa watoto viwandani ndiyo iliyofika shambani kwa Filburn. Sijui njia ya kusimulia habari hii bila kuyasema yote mawili.

Haki iwe kwa serikali pia. Mei 31, 1941, wakulima wa ngano walipiga kura juu ya viwango vile, na asilimia 81 ya waliopiga walivikubali. Kwa waliovitii, ngano iliuzwa kwa takribani dola 1.16 kwa busheli, wakati bei ya dunia ilikuwa kiasi cha senti 40. Filburn naye alipata faida ya bei hiyo iliyopandishwa, kwa ngano aliyoiuza kihalali. Lakini kulikuwa na jambo lisilo zuri. Adhabu ilikuwa senti 15. Ilipandishwa hadi 49 siku tano tu kabla ya kura, na mbegu ya Filburn ilikuwa ardhini tangu msimu wa majani kupukutika. Hotuba ya redioni ya Waziri wa Kilimo, Claude Wickard, mwenyewe mkulima wa Indiana, haikuligusia ongezeko hilo. Mahakama ya chini huko Ohio ilimpa Filburn ushindi kwa sababu hiyo.

Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi Mei 1942, haikuridhika, ikaisikiliza tena Oktoba. Hukumu ilitoka Novemba 9, 1942, siku moja baada ya majeshi ya Marekani kutua Afrika Kaskazini, na katika siku kama hizo si rahisi kuiambia serikali kwamba imevuka mipaka. Aliyeiandika ni Jaji Robert Jackson, na wote waliosikiliza walikubaliana naye. Alisema kwamba ngano ya Filburn peke yake ni kidogo, lakini hesabu ya kuangalia ni ya wakulima wote wa aina yake wakijumlishwa. Anayekula ngano aliyoilima haendi kununua. Asiponunua, mahitaji hupungua, na bei iliyopangwa na Bunge hutetereka. Tena, bei ikipanda, kinachomzuia asiipeleke sokoni ni nini?

Kwa kanuni za uchumi, Jackson alikuwa sahihi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Ikiwa kutokununua ni biashara, basi hakuna kitendo cha binadamu kilicho nje ya biashara. Mama anayeshona nguo ya mwanawe hakununua kwa fundi. Bibi anayemlea mjukuu amemnyima kazi yaya. Kinga ya Madison, kwamba mamlaka yametajwa moja moja, hubaki karatasini pale mojawapo linapoweza kuyameza mengine yote. Brutus aliliona hilo miaka 155 kabla. Filburn alilipa faini yake, akaendelea na maisha, akafa mwaka 1987.

Mwaka uliofuata hukumu, 1943, wanawake watatu walichapisha vitabu ambavyo harakati za Kilibertari za leo huvihesabu kama msingi wao: Isabel Paterson, Ayn Rand na Rose Wilder Lane. Rand ndiye mwenye jina kubwa, lakini moyo wangu uko kwa Lane. Alikuwa binti wa Laura Ingalls Wilder, mwandishi wa hadithi za watoto zinazopendwa Marekani nzima. Wakati wa vita alikataa kadi ya mgao wa chakula. Nyumbani kwake Danbury, Connecticut, akalima mboga, akahifadhi matunda kwenye chupa, akafuga nguruwe. Alipoandika maneno ya kuupinga mfuko wa hifadhi ya jamii kwenye kadi ya posta, polisi wa jimbo alifika mlangoni kumhoji, naye akamhoji polisi yule kwa nini mawazo ya raia yafanyiwe upelelezi. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Lane aliandika safu katika Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi. Alikiri mbele ya wasomaji wake kwamba alikuwa hajui uzito wa ubaguzi waliokuwa wakiubeba, na akawaambia kwamba vita vyake na vyao ni vita vimoja: mtu apimwe kama mtu. Angesikilizwa zaidi, historia ya wenzake ingekwenda njia nyingine.

Haikwenda njia hiyo. Huko Birmingham, Alabama, kulikuwa na mgahawa wa nyama choma wa familia ulioitwa Ollie's Barbecue. Theluthi mbili ya wafanyakazi wake walikuwa weusi, na mteja mweusi aliweza kununua chakula na kuondoka nacho, lakini kukaa mezani hakuruhusiwa. Julai 2, 1964, Sheria ya Haki za Kiraia ilipiga marufuku jambo hilo. Wenye mgahawa wakashtaki: biashara yetu ni ya hapa hapa mtaani, Washington inatutakia nini? Mahakama ya Juu ikaangalia vitabu vya hesabu. Katika mwaka mmoja mgahawa ulinunua vyakula vya takriban dola 150,000, na asilimia 46 ya fedha hizo ilikuwa ya nyama iliyotoka nje ya Alabama. Desemba 14, 1964, majaji wote waliipa serikali ushindi, na miongoni mwa hukumu walizozitegemea ilikuwamo ile ya ngano ya Filburn.

Seneta Barry Goldwater wa Arizona alikuwa ameipinga sheria hiyo Juni mwaka huo. Hakuwa mbaguzi, alikuwa ameziunga mkono sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960, na kwao Arizona alisaidia kuondoa ubaguzi katika jeshi la anga la jimbo. Alisema tu kwamba Katiba haikulipa shirikisho mamlaka juu ya meza ya mgahawa. Katika uchaguzi wa urais wa Novemba alishinda majimbo sita: lake, na matano ya Kusini kabisa, yakiwamo Alabama na Mississippi. Waliompa kura huko hawakuwa wamesoma maonyo ya Brutus.

Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu Walibertari wengi, kwa sababu wao huanza hesabu mwaka 1964, na hesabu ilianza zamani zaidi. Kwa miongo mingi sheria za Birmingham ziliwakataza wenye migahawa kuwahudumia weusi na weupe katika chumba kimoja, ila wakijenga ukuta wa kuwatenganisha wenye urefu wa futi saba. Hiyo ilikuwa amri ya serikali, yenye polisi nyuma yake. Aliyetaka kumkaribisha kila mteja alivunja sheria. Mpenda uhuru wa kweli alipaswa kuwa wa kwanza kuubomoa ukuta ule, na asimwachie kazi hiyo Martin Luther King na watoto waliopigwa kwa maji ya zimamoto mwaka 1963. Shirikisho nalo lilikuwa na chombo kilichofaa zaidi kuliko ngano. Marekebisho ya Kumi na Nne ya 1868, yaliyoandikwa baada ya damu nyingi, yalikusudiwa kumlinda mtu dhidi ya jimbo lake. Mahakama iliyabana mwaka 1883, na tangu hapo haki ya mtu mweusi kuketi akala ikalazimika kupitia kwenye risiti za nyama. Ni aibu kwamba utu wa mtu ulitetewa kwa hoja ya mizigo iliyovuka mpaka.

Chama cha Walibertari kilianzishwa Colorado Desemba 1971, miezi michache baada ya Richard Nixon kusimamisha kwa amri bei na mishahara nchini kote. Mwaka 1972 mgombea wao wa urais, mwanafalsafa John Hospers, alipata kura 3,674 tu. Lakini mjumbe mmoja wa Virginia katika lile baraza linalomchagua rais, Roger MacBride, alikataa kumpa Nixon kura yake, akampa Hospers na mgombea mwenza Tonie Nathan, ambaye akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya nchi hiyo kupata kura ya baraza hilo. MacBride alikuwa mrithi wa Rose Wilder Lane, aliyemfundisha siasa tangu ujana wake.

Mwaka 1995, kwa mara ya kwanza katika karibu miaka sitini, Mahakama iliona mwisho wa kifungu cha biashara. Mwanafunzi wa San Antonio alikuwa ameingia shuleni na bastola, akashtakiwa kwa sheria ya shirikisho. Kwa kura tano dhidi ya nne ikaamuliwa kwamba kubeba silaha karibu na shule si biashara, na Texas ina sheria zake za kumwadhibu. Watu waliosubiri tangu siku za Filburn wakaona mlango umefunguka.

Angel Raich, mkazi wa Oakland, California, alikuwa na uvimbe katika ubongo na maradhi mengine yaliyomnyong'onyesha. Wananchi wa California walikuwa wamepiga kura mwaka 1996 kuruhusu bangi kwa wagonjwa, kwa idhini ya daktari. Yake ililimwa na walezi wake, bure, kwa udongo na maji ya California. Mwenzake katika kesi alikuwa na miche sita nyumbani. Agosti 2002 maofisa wa kaunti walifika, wakakagua, wakaona kila kitu ni halali kwa sheria ya jimbo. Maofisa wa shirikisho walioandamana nao wakakataa, na baada ya mabishano ya saa tatu wakaing'oa miche yote sita.

Profesa Randy Barnett, Mlibertari, ndiye aliyewatetea. Alabama, Mississippi na Louisiana, ambazo sheria zao za dawa za kulevya zilikuwa kali mno, zilijitokeza kuunga mkono wagonjwa: hatuipendi bangi, zilisema, lakini California iachiwe iamue yake. Safari hii haki ya jimbo ilisimama upande wa mwanamke mgonjwa. Juni 6, 2005, wakashindwa kwa kura sita dhidi ya tatu. Jaji John Paul Stevens alieleza huzuni yake kwa hali ya wagonjwa, kisha akarudi kwenye ngano: kama busheli 239 za kulisha kuku ziliathiri soko la taifa, bangi ya nyumbani nayo inaliathiri, hata kama soko lenyewe ni haramu. Antonin Scalia, aliyejulikana kwa kutetea mipaka ya shirikisho, akapiga kura na wengi. Jaji Clarence Thomas, mtu mweusi aliyekulia Georgia ya ubaguzi, akaandika kwamba kama mmea usiouzwa, usionunuliwa na usiovuka mpaka unaweza kusimamiwa kwa kifungu cha biashara, basi hakuna kisichoweza.

Ushindi uliofuata ulikuwa na kasoro. Juni 2012, katika kesi ya sheria ya bima ya afya ya Barack Obama, majaji watano walikubali hoja ya Barnett na wenzake kwamba Bunge haliwezi kumlazimisha mtu anunue bidhaa kwa jina la kusimamia biashara. Lakini Jaji Mkuu John Roberts akaiokoa sheria kwa kuiita adhabu ya kutonunua bima kodi. Mipaka ikathibitishwa kwa maneno, na sheria ikapita.

Juni 2021 Mahakama ilikataa kuisikiliza kesi ya duka la bangi ya tiba la Colorado. Lilikuwa na leseni ya jimbo, linawalipa wafanyakazi, linalipa kodi ya mapato kwa shirikisho. Lakini kwa kuwa bangi ilikuwa haramu kwa sheria ya shirikisho hilo hilo, halikuruhusiwa kutoa gharama za pango na mishahara katika hesabu ya kodi, kama linavyoruhusiwa duka la viatu la jirani. Thomas aliandika kwamba shirikisho limejiweka nusu ndani na nusu nje, linavumilia na kukataza kwa wakati mmoja, na kwamba sababu zilizoisimamisha hukumu ya 2005 huenda zimekwisha. Wenzake hawakuungana naye. Wenye duka wakaondoka mikono mitupu, na majimbo zaidi ya thelathini yakaendelea kuwaruhusu wagonjwa kile ambacho Washington, kwa karatasi zake, ingeweza kutuma watu kwenda kuking'oa kesho.